Sentensi Moja ya Mama Mukwe

Jumanne, 6 Juni 2023
Bukavu yote hakuna mutu wa bahati kama mimi! Bibi yangu wa ndoa, Consolate, anapumuzika kwa mama yake, Walungu, na ruhusa nilimupa mwenyewe. Wiki ya tatu sasa. Majirani wanasema alikimbia kwa sababu parcelle ya kujenga nyumba niliyomuonyesha kule Nyalukemba ilikuwa ya mutu mwingine. Wivu! Lakini lazima arudi. Nyumba imenyamaza sana.

Jumatano, 7 Juni
Nimekutana na Mademoiselle Elodie wa université. Kazi yake: kulinganisha lugha za dunia, namna sauti inapanda na kushuka, namna maneno yanapangwa. Ati kuna watu wanaoweka kitendo mwisho kabisa! Unangoja sentensi yote ndipo ujue kama mutu alikula mbuzi ao aliifuga tu. Lugha yangu hiyo! Consolate angengoja nimalize kujitetea.
Anatafuta mutu anayesema Mashi safi, lugha ya Walungu. Nikajitoa. Akasema mimi ninachanganya lugha ine kabla salamu haijaisha. Basi nikamupa mama mukwe, Maman Georgette. Nitasoma sentensi kwa Kiswahili, maman atazigeuza kwa Mashi, mashine itakamata sauti. Katikati nitaingiza yangu moja. Consolate akisikia mama yake anaitamka, amekwisha!

Ijumaa, 9 Juni
Walungu. Nilikaa karibu ya mulango, heshima ya mukwe. Sentensi za Elodie ni za ovyo kwa makusudi, anataka maneno yasiyozoeana yakutane. Nikasoma kwamba samaki wanaimba. Maman akageuza. Kwamba jiwe limeoa mbuzi. Akageuza, anacheka mupaka machozi. Kwamba mwezi umeiba viatu vya padri. Akageuza! Nikapitisha yangu, sauti baridi kabisa: mukwe wangu ni mutu wa kweli, binti yangu arudi kwake.
Maman akavua miwani. Akamwambia Elodie kwamba zile zingine ni muchezo tu, lakini hii, yeye akiitamka, itabidi aiungame kwa padri.
Huko jikoni, kicheko. Cha Consolate! Hakutoka kunisalimia. Lakini sahani ya bugali ilikuja, na chumvi ile ninaijua.

Jumapili, 11 Juni
Hakurudi. Nimemwambia jirani Philémon kwamba université imenipa kazi ya profesa. Mudomo wa Philémon utafika Walungu kabla ya misa ya pili. Nani anaacha profesa? Safari hii Consolate hatajua kabisa kama ninadanganya!
Ile ruhusa, uongo. Consolate alinikimbia.