Daktari wa Simu Apata Mgonjwa

Daktari wa Simu hakuwahi kusomea udaktari wala simu. Alikuwa na meza, mwavuli, koti jeupe la mtumba na mdomo usiolipiwa kodi. Siku hiyo akamwona mama mmoja wa heshima zake, ameshika simu kubwa mpya inayong'aa. Tamaa ikampanda mpaka utosini.

"Shikamoo, mama. Mbona simu yako inahema hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Inahema?"

"Hebu niipime."

Akaingia kwenye mipangilio, akafungua ile orodha inayoonyesha kila programu inatumia memori kiasi gani. Orodha hiyo imo kwenye simu za watu wengi na haina ubaya wowote, ila wateja wake hawakuwahi kuifungua, na hapo ndipo riziki yake ilipokaa.

"Ona huyu wa picha anavyokula memori! Na huyu wa muziki, hata haya hana! Mama, wameshafika kwenye ini."

Wateja waliopanga foleni wakaguna kwa huruma.

"Itapona?"

"Kesho haiamki. Ila wewe ni mama yangu. Niachie hii nihangaike nayo, chukua yangu. Tazama orodha yake, safi kabisa!" Ilikuwa safi kwa sababu kasimu kenyewe kalikuwa hakana kitu.

"Aa, baba, siwezi kukuachia ugonjwa."

Akabembeleza. Mama akakataa. Daktari akapiga magoti.

"Haya, basi sema mbele ya ndugu zako hawa kwamba umeitaka mwenyewe, nisije nikalaumiwa."

Daktari akasema, tena kwa sauti, mkono kifuani. Akachomoa laini yake, akakabidhi kasimu. Mama akamwombea baraka, akakata kona.

Bado anaipangusa simu mpya kwa pindo la koti, ikaanza kulia king'ora. Wakatokea polisi wawili na bwana mmoja anayetiririka jasho.

"Ndiyo hii! Imeibwa asubuhi, nimeifuatilia kwa mtandao mpaka hapa!"

"Afande, mimi nimepewa na mama mmoja!" Daktari akalia. "Waulizeni hawa, wote wameona!"

Polisi akaigeukia foleni. "Ni kweli alipewa?"

Watu wakatazamana. Akajibu kinyozi aliyekuwa mbele ya wote, mtu asiyejua kusema uongo.

"Hapana, afande. Mama wa watu alikataa kabisa. Huyu ndiye aliyeng'ang'ania mpaka akapiga magoti."