Fundi Chini ya Sakafu

Jumatatu, 4 Agosti

Mwaka wa tatu sasa tangu niage nyumbani kwamba naenda miezi miwili tu.

Leo nyota yangu imewaka. Nimepata kazi ya uigizaji, tena mhusika mkuu! Nilikuwa kwenye jengo tunalojenga, nagonga mabomba, kiuno kinalia kuliko bomba. Mama mmoja mwenye miwani utosini akaja kusikiliza. Si kutazama, kusikiliza. Akafumba macho. Akasema huo ndio mlio alioutafuta tangu mwaka jana, na kwamba kanda zote za sauti alizonazo zinagonga kama mtu aliyeshiba.

Kumbe ni mwongozaji wa michezo ya jukwaani, ukumbi wa jirani. Mchezo wenyewe ni wa familia ya tajiri. Bomba linavuja sebuleni, wamemwita fundi. Pazia likifunguka wanamzungumzia fundi. Wanamgombania. Wanamwogopa. Pazia likifungwa bado wanamtaja. Fundi ndiye mimi.

Nikauliza nitasimama wapi. Akasema sisimami, nalala. Chini ya jukwaa, nikigonga. Fundi haonekani kamwe, kwa sababu yeye ni wafanyakazi wote wa dunia. Nimeingia huko chini kujaribu. Wafanyakazi wote wa dunia wana nafasi ya kukunja goti moja.

Nikampigia mama watoto. Nimemweleza yote, isipokuwa hilo la kutoonekana. Akauliza nitavaa nini. Ulimi hauna mfupa. Nikasema suti.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Mtu ukilazwa chini ya sakafu unasikia mengi. Mama mwenye nyumba anasema fundi ananuka jasho. Baba mwenye nyumba anasema vijiko vihesabiwe. Binti yao anasema fundi ndiye mkombozi wao, lakini hata yeye hakumbuki kumpa maji ya kunywa.

Kwenye vijiko uvumilivu ukanishinda, nikagonga mara tatu zaidi. Anayeigiza baba ni bwana mwenye sauti nene, tunamwita Bosi hata akiwa msalani. Akalalamika kwamba bomba linamkatiza. Nikamjibu kutoka chini kwamba bomba nalo lina wazazi wake. Mwongozaji akasema bomba halijibu watu.

Kazi yangu ya pili ni koki. Iko karibu na sikio langu la kushoto. Kamba, mvuta pazia, akipiga mguu sakafuni, naifungua kidogo, na juu matone yanaongezeka kwenye beseni. Mwishoni naifungua yote, nyumba ya tajiri inafurika, pazia. Kamba kaniambia matusi nisiyatie moyoni, mimi ni alama tu. Nikamuuliza alama ya nini. Akasema ya wanaoteseka, kisha akanisogeza miguu apate pa kuweka viatu vyake.

Jioni mama watoto kapiga simu. Kaka yake anapita huku Jumamosi na lori la magunia, ataingia onyesho la alasiri anitazame. Shemeji huyu ni karani wa mizani sokoni. Hata ukimsalimu, anakupima kwanza ndipo aitikie. Wakwe wamechoka. Wanasema mume wa kwenye simu si mume. Shemeji akiniona jukwaani, mke nabaki naye. Asiponiona, mke anarudi kwao. Masufuria ameshayafunga.

Vizuri sana. Aje! Kinachobaki ni mimi kuonekana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemfuata mwongozaji kwa adabu. Nimeomba mkono tu. Mkono mmoja utoke kwenye kile kimlango cha sakafuni kilicho juu ya kifua changu, ushike spana, urudi. Akavua miwani, akanieleza kwa upole. Fundi akionekana anakuwa mtu mmoja. Asipoonekana ni wote.

Nikalitafakari jambo hilo vizuri. Nikamwambia basi waonyeshwe mmoja, hao wengine wataaminiwa. Akarudisha miwani utosini. Kwake hiyo ni hapana.

Haidhuru. Mlango ukifungwa, mtu huangalia dirisha. Nina kofia yangu ya kazini, ya manjano. Wakwe wote wanaijua kwenye picha. Kesho ndiyo siku ya uzinduzi. Nitainua kimlango kidogo tu, niichomoze kofia, nione kama inapita.

Ijumaa, 8 Agosti

Haikupita. Kofia ilipochomoza, Bosi alikuwa anatembeatembea na hotuba yake. Akaikanyaga. Kofia ikazama, kimlango kikashuka, vidole vyangu vikiwa mlangoni. Nikalia. Sikulia kwa sanaa, nililia kama mbuzi aliyeshikwa sikio.

Halafu makofi! Makofi ya kutetemesha mbao, vumbi likaniingia puani. Baadaye mwandishi wa gazeti akaja nyuma ya jukwaa kuuliza nani alibuni kilio kile cha walio chini. Mwongozaji akasema ni yeye.

Kaniita pembeni. Kuanzia kesho nilie pale pale, kila onyesho. Nikauliza kama nitakanyagwa tena. Akafikiri, akasema ingesaidia ukweli. Bosi akasema yuko tayari kwa moyo mweupe.

Vidole vimevimba kama vitumbua, lakini nina furaha. Watu wameanza kunijua. Bado uso tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yenyewe. Nimeingia chini mapema, nimevaa suti niliyoiazima kwenye sanduku la mavazi bila kumsumbua mtu kwa kuomba. Mpango ni rahisi. Nalia inavyotakiwa, nagonga inavyotakiwa, na mwishoni, waigizaji wakiinama kushukuru, natokeza katikati yao. Nani atanirudisha?

Kupitia ufa wa mbao nimemwona shemeji. Mstari wa mbele. Kamfuko kake katikati ya miguu, mikono kifuani, anapima.

Mambo yakaenda vizuri hadi karibu na mwisho. Mama mwenye nyumba akasema fundi huyu hajui kazi, siku nzima anagonga na maji yanazidi. Shemeji akaguna. Mguno ule naujua. Aliguna hivyo hivyo siku ya harusi yangu.

Hapo damu ikapanda. Mimi nisijue kazi? Mbele ya shemeji? Kamba akapiga mguu niifungue koki yote. Nikaifunga. Nikaikaza kwa spana mpaka ikasaga meno.

Tone la mwisho likadondoka. Kimya.

Bosi akaendelea kulia kwamba maji yanamfika magotini, na beseni halijafika hata nusu. Binti akapanda juu ya meza kuyakimbia, akatazama sakafu kavu, akashuka. Kamba akapiga mguu, akapiga tena. Mimi huyo, nimetulia kama maji mtungini.

Ndipo shemeji akasimama. Nimemwona kwa macho yangu. Akanyoosha kidole sakafuni, akasema kwa sauti ya sokoni:

“Fundi kamaliza kazi. Mfungulieni atoke!”

Ukumbi mzima ukaitikia. Atoke! Atoke! Watu wanapiga viti. Nikasukuma kimlango. Bosi kasimama juu yake kwa miguu yote miwili, na Bosi ana mwili. Nikaweka mabega, nikasukuma kama nabeba zege. Nikapiga kelele kwamba nipo, nipo hapa. Makofi yakanimeza. Bosi akayumba, akaanguka juu ya beseni, na Kamba akashusha pazia.

Nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma, suti imejaa vumbi, nikamkuta shemeji karibu na lori. Nikamwambia shem, ndiye mimi. Fundi ni mimi.

Akanitazama juu hadi chini, polepole, kama sindano ya mizani inavyotulia.

“Yule katukanwa alasiri nzima, kanyamaza, na kazi kaimaliza. Wewe nakujua, shem. Hujawahi kunyamaza, na hujawahi kumaliza.”

Akapanda lori. Akasema atamwambia dada yake ukweli: mchezo ni mzuri, fundi ni mwanamume hasa, na mumewe hayumo.

Jumapili, 10 Agosti

Mama watoto kapiga simu asubuhi, yuko kwa wazazi wake. Hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema hataki simu wala picha. Nije mwenyewe, kwa miguu yangu, wanione, ndipo atafungua masufuria. Mwenye akili anapanda basi leo hii. Na kweli nilifunga begi. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Mwongozaji akabisha hodi. Koki itabaki kufungwa vile vile kila onyesho, amependa. Wa kusimama kati ya watazamaji na kusema fundi atoke amempata pia: Kamba. Kamba ataonekana kila siku! Mimi hanihitaji tena huko, maana milio yangu yote ameshainasa kwenye kanda. Lakini ana mchezo mpya, na mhusika mkuu ni mchukuzi wa mizigo. Mji mzima unamlilia. Yuko katikati ya jukwaa, mwanzo hadi mwisho.

Nikauliza kama anaonekana. Akasema yumo ndani ya jeneza.

Nikauliza kama jeneza lina kifuniko. Akasema kipo, lakini ni chepesi.

Nimefungua begi. Nimemtumia mama watoto ujumbe asiwe na wasiwasi, safari hii ni katikati kabisa ya jukwaa, awaambie wakwe wote. Nitarudi nyumbani mwisho wa mwezi, mara tu nikishazikwa.