Kiwavi wa Mafaili Matatu

Wananchi wote wenye mimea kwenye ndoo, makopo na vyungu walitangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, hakuna kiwavi atakayeondolewa kwenye jani kabla ya kutambuliwa rasmi. Mtumishi wa umma atakayekiuka atasimamishwa kazi mpaka faili lake lisomwe. Waraka ulisainiwa na Mkurugenzi wa Utambuzi wa Viwavi, kwa wino wa kijani, na idara nzima ikapiga makofi. Nchi ilikuwa imechelewa mno.

Jumatatu hiyohiyo Mama Chai, mpishi wa chai wa idara, aliona vinyesi vyeusi kwenye jani la mnyanya. Alikuwa na ndoo tatu za nyanya kwenye baraza ya nyuma, mbegu za mwisho za marehemu mama yake. Zikifa hizo, basi tena. Akachungulia jani la juu, akamwona: kijani, mnene, ana pembe mkiani. Akanyoosha vidole.

"Usimguse!" Afisa Vipimo alitokea na rula. "Huyo ni nani?"

"Kiwavi, baba."

"Wa aina gani?"

"Wa kula nyanya zangu."

Aina hiyo haikuwemo kwenye fomu.

Afisa akampima: sentimita tatu. Fomu ikazunguka meza nne ili imfikie Mkurugenzi, ambaye dirisha lake liko juu ya ndoo zenyewe. Jumatano ilirudi kuhakikiwa, rula ikasema tano. Kwa kuwa kiwavi wa tano hawezi kuwa yule wa tatu, kikafunguliwa kifungu kipya na faili jipya. Ijumaa alifika saba. Taarifa ya wiki ikatangaza kwamba idara imebaini viwavi watatu katika baraza moja, ufanisi wa kupigiwa mfano.

Mama Chai aliingia kwa Mkurugenzi na trei ya chai, roho inamuuma.

"Mkurugenzi, mwanangu, ni mdudu mmoja huyo. Anakula, anakua. Ndoo mbili zimebaki vijiti. Niruhusu nimtoe."

"Mama, haraka haraka haina baraka."

"Mwambie yeye!"

Mkurugenzi alicheka kwa upole, akaugeuzia jua mpilipili wake uliokuwa kwenye chungu dirishani. Alipewa na Waziri siku alipokabidhiwa ofisi, na kila alipokuja Waziri huulizia mpilipili kwanza, idara baadaye. Naye alitarajiwa Jumatatu.

Mama Chai alikwenda jikoni akalia kidogo, akajifuta kwa khanga. Kisha akaibeba ndoo ya tatu, ambayo ilikuwa bado nzima, akaifungia stoo, penye mwanga. Waraka ulikataza kumgusa kiwavi. Habari za kuhamisha ndoo haukuzitaja. Kiwavi akabaki na vijiti vyake, na njaa, na ukuta mfupi unaoelekea dirisha la Mkurugenzi.

Jumatatu Waziri alipoingia, mpilipili ulikuwa na majani manne, na juu yake mgeni ametulia anatafuna la tano. Mkurugenzi alimrukia akamponda kwa kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa ni waraka.

"Alikuwa ametambuliwa?" Waziri aliuliza.

"Bado, Mheshimiwa," Afisa Vipimo alijibu kwa fahari. "Wa sentimita nane hana faili."

Sheria ni msumeno. Mkurugenzi alisimamishwa papo hapo.

Siku hizi hushinda kwenye benchi la baraza ya nyuma, akisubiri. Mbele yake ndoo ya tatu, iliyorudishwa kutoka stoo, imeshatoa maua ya manjano. Mama Chai humletea chai, maana hana kinyongo, ila kumbukumbu anayo.

"Mama, umesikia lolote kuhusu faili langu?"

"Nimesikia, mwanangu. Jumatatu lilikuwa na kurasa tatu, leo lina saba. Wanasema haliwezi kuwa lilelile, wanakufungulia jingine."