Dakika Moja ya Kimya ya Orville Tait

Jumatatu, 3 Februari

Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Gari limechomekwa umeme tangu jana ili injini isigande. Kipasha joto cha sebuleni kinagonga: mara tatu za haraka, kinapumzika, mara mbili. Kina hewa ndani ya mabomba yake ya maji ya moto. Kiufunguo cha kuitoa kilipotea miezi kumi na minne iliyopita, wiki ileile Sigrun alipohama. Sioni uhusiano.

Kumbukumbu ziwe sahihi. Mimi na Sigrun Thorlakson tuliandika Muskeg, programu ya kurekodi sauti kwenye Linux. Miaka tisa, meza moja, vikombe viwili. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuugeuza apendavyo. Sigrun aliuchukua. Akaenda nao Gimli, kwenye nyumba ya shangazi yake kando ya ziwa, akaupa jina la Tamarak. Sasa Tamarak ina watumiaji wengi kuliko Muskeg. Leseni inaruhusu. Leseni niliichagua mimi.

Kutoka hapa Winnipeg hadi Gimli ni kilomita tisini. Tangu aondoke hajaniandikia hata mstari mmoja. Nataka mstari mmoja. Hata wa matusi.

Mpango: Sigrun hawezi kuvumilia kasoro katika kazi ya mikono yake. Aliwahi kuondoka kwenye harusi ya binamu yake, kati ya supu na nyama, kwa sababu alikumbuka kosa kwenye msimbo. Basi nimeiharibu kwa makusudi ile sehemu ya Muskeg aliyoiandika yeye, inayopokea sauti kutoka kwenye maikrofoni. Sasa inatoa "tak" ndogo kila baada ya sekunde arobaini na saba. Nimechapisha saa nne na dakika kumi asubuhi. Maelezo: "Usafi mdogo." Ataona. Ataandika!

Jumanne, 4 Februari

Ameandika Froese.

Anton Froese, mwalimu wa kwaya mstaafu kutoka Steinbach, umri miaka sabini na mmoja. Alijifunza kuandika programu akiwa na sitini na sita na tangu hapo hajamwacha mtu apumzike. Aliikuta kasoro na kuirekebisha ndani ya dakika kumi na moja. Kisha akatuma taarifa kwenye orodha ya barua pepe ya wote, inayosomwa na watu mia tatu na wachache, Sigrun akiwemo. Bwana Lorne, ameandika, usafi wako umeacha matope mlangoni, nimepiga deki.

Watu wanne wamemshukuru. Mmoja ameuliza kama sipati usingizi.

Siwezi hata kukana. Kwenye mradi wetu kila badiliko lazima liwe na jina kamili la aliyeliandika, chini kabisa, jina la mtu halisi. Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe, mwaka wa pili. Sigrun alicheka wakati ule, akasema naendesha programu kama ofisi ya vizazi na vifo. Lakini alipohama alihama na kanuni hiyo pia. Tamarak wanaifuata neno kwa neno. Jambo hilo limenipa joto zaidi ya kipasha joto.

Jumatano, 5 Februari

Kosa la jana limeeleweka. Nilimngoja aje kwangu. Inabidi niende kwake, ila nisiwe mimi.

Saa tatu asubuhi amezaliwa Orville Tait. Mchimba madini mstaafu wa Flin Flon, miaka sabini na nne, mpiga akodiani. Nimechagua Flin Flon kwa sababu ni mbali na hakuna atakayeenda kuhakikisha. Orville amelalamika kwenye ukurasa wa Tamarak kwamba sauti yake inakatikakatika. Haikatiki. Tamarak ni nzuri mno. Nimeichunguza majuma mawili nikitafuta kasoro halali na sijapata.

Sigrun amejibu baada ya dakika arobaini. Arobaini! Karibu Tamarak, Mzee Orville, na pole kwa usumbufu. Anaomba rekodi asikie mwenyewe, wimbo wowote. Na Orville akimaliza kupiga asizime mashine, aiache irekodi dakika moja ya kimya. Ndiyo desturi yake. Husema kimya cha chumba hutoboa siri ambazo muziki unazificha.

Akodiani ya marehemu baba ilikuwa kabatini. Najua wimbo mmoja na robo. Nimerekodi ule mmoja, sebuleni, kisha nikaukata sehemu tatu kwa mkono ili ukatikekatike. Kazi safi. Dakika ya kimya sikuigusa. Kimya ni kimya.

Saa saba na robo amejibu: "Nimesikia, Mzee Orville. Nimesikia vizuri sana. Unaishi peke yako?"

Swali la ajabu, kiufundi. Orville amejibu kwamba ndiyo.

Ijumaa, 7 Februari

Barua tisa kwa siku mbili. Zote kwa Orville.

Anamweleza kwamba asubuhi hutembea juu ya barafu ya ziwa na maikrofoni mbili, kurekodi inavyopasuka. Kwamba shangazi amepofuka jicho moja lakini bado anamshinda karata. Kwamba nyumba ina vyumba vinne na yeye anatumia kimoja na nusu. Mimi sikuambiwa lolote kati ya haya. Nimemchukia Orville tangu saa mbili asubuhi.

Jioni nilimfanya amuulize kwa nini aliacha ule mradi wa zamani. Nilitaka jina langu lipite vidoleni mwake. Amejibu kwa urefu. Nanukuu kipande, kwa usahihi:

"Mwenzangu alikuwa mtu mwema, Mzee Orville, ila alipima kila kitu. Siku moja nilimwambia nina huzuni. Akaniuliza, tangu saa ngapi. Nilingoja aongeze neno. Alikuwa ameshika kalamu."

Swali lilikuwa la haki. Hakunijibu hadi leo.

Mwishoni amemuuliza Orville kama kuna jambo ambalo angependa kumwambia, lolote lile, hata kama halihusu programu. Nimefikiri robo saa. Orville amejibu kwamba angependa vitufe viwe vikubwa kidogo.

Barua ya kumi haijaja.

Jumapili, 9 Februari

Maafa. Froese!

Amegundua mpiga akodiani, na yeye anatafuta mpiga akodiani. Ametangaza kwa wote kwamba Mzee Orville Tait ni mgeni wetu rasmi kwenye mkutano wa watumiaji wa hapa Winnipeg, Jumamosi ijayo, katika ukumbi wa chini ya kanisa la Walutheri. Nimeandika kwamba Flin Flon ni zaidi ya kilomita mia saba, mzee wa watu ataganda njiani. Froese kajibu kwamba lori lake lina betri mpya na yeye ana wiki nzima. Kijana, ameniambia, wivu huo utakuzeesha. Anaondoka Jumanne. Anaomba namba ya nyumba.

Sina namba ya nyumba. Nina siku moja.

Jumatatu, 10 Februari

Orville Tait amefariki saa mbili na nusu asubuhi, usingizini, bila maumivu. Taarifa imeletwa na mpwa wake, ambaye amezaliwa saa mbili na dakika ishirini.

Nilidhani yangeishia hapo. Sikuwajua watu hawa. Hadi adhuhuri salamu za rambirambi zilikuwa sitini na mbili. Mtu wa Ureno amesema hakuwahi kuzungumza na Orville lakini amelia. Wa Tamarak wamependekeza toleo lijalo lipewe jina lake. Miaka kumi, Muskeg haijawahi kutoa toleo lenye jina langu! Vitufe vimeshaongezwa ukubwa.

Froese amesema lori halitalala bure: mkutano wa Jumamosi uwe wa kumuaga, na yeye ataleta spika kubwa za kwaya.

Halafu, saa tisa alasiri, mstari mmoja kwenye orodha ya wote: "Nitakuja. Nitaleta vinarterta. Sigrun."

Nimeusoma mara ishirini na sita. Vinarterta yake, keki ya Kiaisilandi, ina tabaka saba za plamu. Kuna watu huweka tano.

Nimepiga shati pasi. Leo ni Jumatatu. Nitalipiga tena Ijumaa.

Jumamosi, 15 Februari

Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Watu kumi na tisa. Kwa kawaida huwa sita. Kahawa, pierogi za viazi, keki za kila aina. Froese amevaa tai nyeusi. Hakuna picha ya marehemu, basi mezani wameweka akodiani ya kuazima juu ya kitambaa cheupe.

Sigrun alikuja saa nane kasoro dakika nne. Koti la bluu. Nywele zina mvi upande wa kushoto, ambazo hazikuwepo nilipomwona mwisho. Aliniuliza hali, nikasema nzuri. Nilimuuliza hali, akasema barabara ina barafu. Nilikuwa nimeandaa sentensi kumi na moja. Zote zilibaki mfukoni, kwa sababu zilikuwa kwenye karatasi na mikono yangu ilikuwa na sahani.

Froese alitoa hotuba. Alimsifu Orville kwa unyenyekevu, akasema kuna waandishi wa programu humu ndani ambao wangejifunza kwake. Alinitazama mimi. Kisha akaweka ile rekodi. Wimbo wangu, na mikato yangu mitatu, kwenye spika za kwaya. Mwanamke mmoja alifuta machozi penye mkato wa pili.

Wimbo ulipokwisha, Froese akainua mkono. Akasema marehemu mwenyewe ametuachia dakika moja ya kimya, hatuhitaji nyingine. Tusimame.

Tulisimama. Watu kumi na tisa, vichwa chini.

Tatu za haraka. Pumziko. Mbili.

Kwenye spika zile ilikuwa kama mtu anabisha mlango wa kanisa. Tatu. Pumziko. Mbili. Miezi kumi na minne nimeishi na mlio huo, na siku ya kurekodi sikuusikia kabisa. Niliinua macho. Kila mtu alikuwa anatazama sakafu isipokuwa Sigrun. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na hasira. Hasira ningeweza kuivumilia.

Froese alinong'ona kwamba maskini, hata nyumba yake ilikuwa mbovu.

Wakati wa kahawa Sigrun alinivuta hadi penye makoti. Nanukuu kwa usahihi, kwa sababu hakusema mengi.

"Lorne wewe. Hujaitoa hewa bado."

Nilisema kiufunguo kilipotea. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zake, akachomoa kiufunguo kidogo cha shaba. Kumbe kilikuwa kwenye kishikizo chake muda wote. Alisema alikibeba kwa bahati mbaya, na baadaye akawa anangoja nikiulizie. Nilisema sikujua kwamba anacho. Akasema kupiga simu na kuuliza si kazi ngumu.

Halafu akasema alijua tangu Jumatano ya kwanza, saa saba na robo.

"Nilikuandikia barua tisa, bwana. Nilidhani moja kati ya hizo utaijibu wewe. Kanuni yako mwenyewe: jina la mtu halisi, chini kabisa. Nilikuwa nangoja jina tu."

Nilipaswa kusema neno. Nililiona kabisa lilipo. Nilimuuliza kama mikato mitatu ilisikika ya kweli.

Alinivalisha kofia, akaishusha masikioni kama zamani. Akaniwekea kiufunguo kiganjani, akaniambia nile keki kabla Froese hajaimaliza. Gari lake liliondoka saa kumi na dakika tano. Taa ya nyuma ya kulia haiwaki. Mtu anapaswa kumwambia.

Hakumwambia mtu yeyote kuhusu Orville.

Jumapili, 16 Februari

Tathmini, bila hisia.

Lengo lilikuwa mstari mmoja. Zilipatikana barua tisa, keki vipande viwili na kofia. Kwa hesabu yoyote, mpango ulifaulu. Nimezisoma upya zile barua tisa. Ni nzuri ajabu. Orville alikuwa mtu mwenye bahati.

Kiufunguo nimekitundika kwenye msumari juu ya kipasha joto. Sijakitumia. Kikitumika, mlio utakoma, na chumba kitabaki na mimi tu. Tatu. Pumziko. Mbili. Nimevuta kiti karibu.

Kosa pia limeeleweka: lilikuwa sebule. Ilikuwa uzembe kurekodi sebuleni. Nimehamishia maikrofoni jikoni, karibu na friji, ile tuliyoichagua pamoja kwa sababu Sigrun alisema inavuma kwa sauti ya mtu anayekaribia kuimba. Jikoni kuna utulivu. Hakuna kitu cha kutoboa siri yangu.

Nimeandika malalamiko mapya kwa Tamarak. Taa ya gari nimeitaja, katikati, kwa ujanja: mlalamikaji, mkazi wa hapa Winnipeg, amesema aliiona akipita barabara ya kanisa. Vitufe amevisifu. Ametuma rekodi, pamoja na dakika moja ya kimya, bila kuombwa. Chini kabisa nimeweka jina kamili, kama kanuni inavyotaka: Edna Tait, mjane.

Imekwenda saa tano na dakika mbili. Sasa ni tano na dakika tisa. Nasubiri.