Tisini na Saba Kati ya Mia

Jumatatu, 3 Machi

Imekamilika! Mashine yangu inafanya kazi. Unailisha hotuba ya mwanasiasa yeyote, inatafuna, inatema alama kati ya sifuri na mia. Sifuri: mtu mstaarabu. Mia: mpopulisti wa kutupwa, yaani yule anayesema wananchi wote ni malaika, wakubwa wote ni wezi, na yeye peke yake ndiye sauti ya malaika. Leo nimeijaribu kwa hotuba ya yule aliyeahidi kuling'oa lango la bunge kwa tingatinga. Tisini na moja! Nikapiga meza. Bi Mhazili akachungulia kuuliza kama nimeanguka.

Mimi, nisiye na shahada. Mimi niliyeanza kwa kutengeneza simu zilizoingia maji, nikajifunza mambo ya akili mnemba peke yangu, kwenye kompyuta iliyong'oka kitufe cha K. Leo kitengo kizima cha utafiti wa demokrasia kinanitegemea, huku ghorofa ya chini, karibu na choo.

Jumamosi kuna kongamano. Mtu mmoja atapanda jukwaani kuielezea mashine. Nani mwingine? Nimeshamwambia baba mkwe. Huyu ni mwalimu mstaafu, na tangu nimwoe binti yake ananiita "fundi simu", hata mbele ya wageni. Mke wangu anasema mzee ameshatoa koti lake kabatini na kulianika.

Jioni: usaliti. Profesa, mkuu wetu, mama mwenye sauti ya upole inayouma, ametangaza kwamba msemaji atapatikana kwa kura. Ati kitengo cha demokrasia nacho kiishi demokrasia. Mpinzani wangu ni Daktari Miwani wa ghorofa ya juu, ambaye kwenye mashine yangu amechangia kuipa jina tu, tena refu mno. Katika dodoso letu la maoni ya wananchi kuna swali kama kiongozi hodari aachwe afanye kazi bila kusumbuliwa na uchaguzi. Nilikuwa nawashangaa wanaojibu "nakubali kabisa". Leo nimewaelewa.

Jumanne, 4 Machi

Hesabu. Wapiga kura tisa. Juu wanne: Profesa, Miwani, na wasaidizi wake wawili wanaocheka kabla hajamaliza utani. Chini watano: mimi, Bi Mhazili, Mkutubi, Dereva, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya kusoma hotuba. Tano kwa nne. Hesabu haina mjomba.

Kwa hiyo mkakati ni mmoja: watu wa chini tushikamane. Nimepita meza kwa meza. Nimemkumbusha Mkutubi kwamba juu wana kiyoyozi, sisi tuna feni inayozunguka kama mzee anayetafuta ufunguo. Nimemkumbusha Dereva kwamba birika la umeme liko juu, na maji yakitufikia huku chini yameshapoa. Nimeahidi birika jipya. Dereva akauliza birika na kongamano vinahusiana vipi. Nikamwambia maswali kama hayo ndiyo wakubwa wanataka tuyaulize. Akachukua funguo za gari akatoka. Aliguswa.

Mke wangu alinisikia bafuni nikifanya mazoezi ya hotuba. Akauliza hao wakubwa ni akina nani, maana Miwani anakuja kazini kwa baiskeli. Nikamwambia huo ndio ujanja wao.

Jumatano, 5 Machi

Profesa ameshuka mwenyewe. Anataka takwimu ya makubaliano. Maelezo kwa vizazi vijavyo: mashine haizaliwi na akili. Kwanza wasomaji wawili wanasoma zile hotuba, sentensi moja moja, kila mmoja kivyake, bila kuchungulia kwa mwenzake, na kuamua: hii ya kipopulisti, hii siyo. Mashine inajifunza kutoka kwao. Wasomaji wakikubaliana, ni sayansi. Wasipokubaliana, mashine imefundishwa na walevi.

Msomaji wa kwanza, mimi. Wa pili, shemeji. Shemeji alimaliza faili la kwanza akashikwa na homa. Mafaili yaliyobaki? Nikamsaidia. Undugu ni nini basi? Tena nilitenda haki: nilihamia kiti chake, nikajitanda skafu aliyoiacha, nikasahau kabisa nilichoamua nilipokuwa mimi. Na kila sentensi ya ishirini nilijipinga. Kwa nguvu. Mara nyingine nilijikasirikia.

Makubaliano: asilimia tisini na tano kamili! Profesa akakohoa. Akasema hata mtu na mumewe hawakubaliani hivyo. Nikasema ni nidhamu. Akasema hm. Hm ya pongezi.

Kisha wazo likanijia. Kubwa! Kesho wagombea tunahutubia. Nimependekeza hotuba zetu zilishwe kwenye mashine palepale, alama zitokee ukutani, kila mtu aone. Miwani ni mwanasiasa aliyejificha ndani ya shati la mtafiti. Mashine itamvua nguo. Profesa amekubali haraka. Miwani naye amekubali, tena kwa tabasamu. Maskini. Mbuzi anamchekea mwenye kisu.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika ukweli wote, maana wengine watauchakachua.

Miwani alitangulia. Akasema kazi hii ni ya wengi, akawataja waliosaidia, akataja kasoro za mashine, akaomba radhi kwa urefu wa jina. Watu wakapiga miayo. Nami nikasimama. Juu ya kiti. Nikasema jengo hili lina watu wa aina mbili: wanaochemsha maji na wanaoyanywa yameshapoa. Nikasema ghorofa ya chini ni safi, ghorofa ya juu imeoza. Nikasema mimi si mgombea, mimi ni ninyi. Nikasema anayenipinga anajipinga mwenyewe. Bi Mhazili alifuta machozi. Anadai alikuwa anacheka. Kila mtu na haya zake.

Mashine ikatafuna. Miwani: nne. Nne! Nikadhani imesinzia.

Mimi: tisini na saba.

Mkutubi akauliza yule wa tingatinga alipata ngapi. Dereva akajibu, kwa sauti ambayo haikuhitajika, kwamba tisini na moja, na kwamba bosi amempita wa tingatinga na wala hana tingatinga. Wakacheka, wa juu na wa chini pamoja. Kwa mara ya kwanza jengo zima limeungana, na hakuna aliyenishukuru.

Sikuyumba. Nikasema mashine haina kosa, waliokosea ni wasomaji. Nikajisikiliza. Nikarekebisha: msomaji wa pili. Mtu mkali mno, mwenye kinyongo na wanyonge, hana jicho la kazi. Niliendelea hivyo kitambo, maana nilikuwa nimeshika kasi. Shemeji akainuka kule nyuma. Akasema, lakini shemeji, mimi si niliishia faili la kwanza, ukaniambia nilale, utanisaidia? Akauliza pia kama kuna aliyeiona skafu yake.

Profesa akasema hm. Naanza kuzichukia hizo hm. Miwani akasema taratibu kwamba, kumbe, mashine haina macho mengine ila yangu. Msomaji wa kwanza mimi, wa pili mimi. Ikimwona mpopulisti, ni mimi niliyemwona. Bi Mhazili akanong'ona kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Kura. Sanduku: boksi tupu la majani ya chai. La ghorofa ya juu, na hilo naliandika kwa makusudi.

Miwani nane. Mimi moja.

Nimefanya uchunguzi. Dereva ameapa haki ya Mungu kura yake ni yangu. Mkutubi ameapa. Bi Mhazili ameapa huku akitazama dirishani. Shemeji amesema, sasa shemeji, ningempa nani tena? Nne hizo. Na yangu, ambayo naijua kwa mwandiko. Tano! Sanduku lina moja. Kura nne zimeyeyuka kati ya meza na boksi. Mimi ni mtu wa namba, na namba zinapiga mayowe.

Mke wangu amesema kuna maelezo mengine. Nimemwomba asiyataje.

Uamuzi wa Profesa: wiki ijayo hotuba zote zisomwe upya. Mimi chumba kimoja, shemeji chumba kingine, mlango katikati umefungwa, ufunguo kwa Profesa. Akanipa karatasi nitie saini, kuruhusu hotuba yangu itumike kwenye utafiti bila kunitaja. Nikatia. Nilikuwa sioni kwa hasira.

Na baba mkwe bado anakuja kesho. Koti limeshapigwa pasi. Chakula nilikiangalia tu. Nimwambie nini? Kwamba fundi simu amerudi kuwa fundi simu?

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi ulijaa. Nilikaa safu ya nyuma na baba mkwe, ambaye kila baada ya muda aliuliza ninapanda lini. Nikasema mambo haya huenda kwa awamu. Miwani akapanda. Nikaomba umeme ukatike.

Haukukatika. Ukutani ikatokea chati: nukta kibao, kila nukta msemaji mmoja, bila majina. Na kule juu kabisa, peke yake, mbali na kundi, nukta moja nyekundu, kando yake imeandikwa 97. Miwani akasema nukta ile imekifundisha kitengo jambo kubwa, kwamba mashine hurithi macho ya aliyeifundisha. Akamshukuru mwenye nukta, popote alipo ukumbini. Watu wakapiga makofi.

Baba mkwe akaniinamia. Akauliza ile ya juu ni ya nani. Nikasema yangu. Akauliza, juu ya wote? Nikasema juu ya wote, na anayenifuata alikuwa na tingatinga. Akaitazama ile nukta muda mrefu, kama anayesahihisha mtihani. Tisini na saba, akasema. Tangu ashike chaki hadi anastaafu hakuwahi kumpa mtu tisini na saba. Akanipa mkono. Mbele za watu! Kisha akamgeukia mama mmoja jirani yake, asiyemjua, akamwambia: huyu ni mkwe wangu.

Hakusema fundi simu.

Sikumweleza zaidi. Mwalimu hasahihishwi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka mrefu kuliko nilivyolala. Mke wangu akauliza kama baba yake anajua ile nukta ina maana gani. Nikamwambia namba ni namba. Akasema nyani haoni kundule. Nikamwambia nyani asubiri, tuna uchaguzi.

Ndiyo! Jengo tunaloishi linatafuta mwenyekiti wa wapangaji. Anayekishikilia kiti ni jamaa wa ghorofa ya nne, yule mwenye balkoni. Wengine watakesha wakitunga hotuba. Mimi ninayo, imepimwa kisayansi. Natoa birika, naweka lifti.

Kamati inataka wahesabu kura wawili, kila mmoja ahesabu kivyake, bila kuchungulia kwa mwenzake. Utaratibu mzuri sana, naufahamu kuliko mtu yeyote katika jengo hili. Wa kwanza nimejitolea mimi. Wa pili nimempendekeza shemeji, anayelala sebuleni kwetu.

Leo asubuhi nimemsikia akikohoa. Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Skafu yake bado ninayo.