Sentimita Tatu za Mama Punje

Bwana Kitabu aliingia kliniki ya watoto kwa sababu moja tu: feni. Nje jua lilikuwa kali, naye hakuwa na mtoto, ugonjwa wala aibu. Aliketi kwenye benchi la wazazi, akaweka mapajani kile kitabu kinene kilichompa jina, akapiga miayo. Alikuwa akitembea nacho mwaka wa sita sasa, na kurasa zake za katikati zilikuwa bado zimegandana kama zilivyotoka kiwandani.

Redio ya dirishani ilikuwa na kipindi cha homoni na afya ya watoto. Mtaalamu mwenye sauti ya upole alieleza kwamba homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi mtoto anapozama usingizini, na kwamba mtoto asiyeongezeka kimo apelekwe akapimwe mapema. Bwana Kitabu hakujishughulisha na redio. Aliwatazama wazazi. Kila mmoja alimwangalia mwanawe, kisha akaiba jicho kwa mtoto wa jirani, kisha akautazama ubao wa kupimia kimo pale ukutani. Baba mmoja alianza hata kumvuta mwanawe shingo, kidogo kidogo, kama mtu asiyetaka kuonekana.

"Loo," Bwana Kitabu akajisemea, "kumbe hawa watu wangenunua urefu kama ungeuzwa!"

Usingizi ukamruka. Alikuwa analijua jambo moja, alilolisoma si katika kitabu chake, bali kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga: mgongo wa binadamu hujibana mchana kutwa na kunyooka akilala, hivi kwamba asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni, kwa karibu sentimita nzima. Mpime mtoto jioni, mnyweshe kitu chochote kitamu, amuru alale mapema, kisha mpime asubuhi. Hapo mzazi atakubusu mikono. Kilichokosekana ni koti jeupe.

Koti hilo alikwenda kulishonesha kwa Mama Punje, mjane mwenye cherehani moja na chumba kimoja cha mbele kilichojaa vitambaa hadi darini.

"Koti la daktari," akasema Bwana Kitabu. "Mifuko mitatu. Wa juu uwe wa kalamu."

"Wewe ni daktari wa nini, baba?"

"Wa kimo. Homoni, mama. Sayansi mpya kabisa."

Mguu wa Mama Punje ukasimama kwenye cherehani. Kando yake binti yake alikuwa anafumua nyuzi za sketi kuukuu, miguu ikining'inia mbali na sakafu.

"Huyu wa miaka sita?" Bwana Kitabu akauliza.

"Kumi," mama akajibu.

Akaeleza, maana mtu ambaye moyo umemjaa haulizwi mara mbili. Kila mwaka mpya wa shule alimshonea Punje sketi yenye upindo wa vidole vinne, ili mtoto akikua ufumuliwe na sketi ishuke. Mwaka wa pili huu ule upindo haujafumuliwa. Hospitali walimwambia kuna kipimo cha damu, cha homoni, kitakachoonyesha tatizo liko wapi, na kwamba awahi kabla miaka haijampita mtoto. Kipimo chenyewe hakikuwa bei ya mchicha. Alikuwa anadunduliza kwenye bati la biskuti, na bati lilikuwa karibu kutosha.

Hapa msimulizi angependa kusema kwamba roho ilimsuta Bwana Kitabu. Haikumsuta. Alilitazama bati.

"Mama, sindano za nini kwenye mkono huo mdogo? Mimi ninayo dawa yenyewe. Matone saba kila jioni, mtoto alale saa mbili kamili, simu asiishike. Jumamosi asubuhi mlete kwangu, utaona kwa macho yako."

Alimpima Punje papo hapo, saa kumi na moja jioni. Akaonyesha chupa iliyofungwa vizuri, yenye maandishi ya ng'ambo, akaizungusha mkononi, akaitia mfukoni, akatoa nyingine, akampa. Ndani yake kulikuwa na maji ya sukari na rangi ya keki. Bati likaondoka naye.

Jumamosi asubuhi Punje alikuwa ameongezeka sentimita moja. Mama Punje alilia pale pale mlangoni kwa Bwana Kitabu, akamshukuru daktari, akamshukuru Mungu, akarudi nyumbani akiruka ruka. Jioni akamvisha binti yake ile sketi ili afumue upindo. Sketi iliishia pale pale ilipoishia mwaka juzi.

Akachukua futi yake. Sentimita haikuwepo. Kesho yake asubuhi akapima tena, ikawepo. Jioni haikuwepo. Basi akaketi chini sakafuni, akajipiga paji la uso, maana hilo ni jambo ambalo yeye mwenyewe huwaonya maharusi kila siku: ukipimwa gauni asubuhi, jioni litaburuzika. Alikuwa amelijua miaka ishirini, na kwa mtoto wake mwenyewe akalisahau. Alilia tena, safari hii kwa hasira, na akilia aliikumbuka ile chupa iliyozungushwa mkononi na kutiwa mfukoni.

Hakwenda kupiga kelele. Alingoja.

Bwana Kitabu naye alikuwa amepanda chati. Jina lake lilimfikia Mwenye Shule, tajiri mwenye shule ya kulipia na timu ya mpira wa kikapu isiyowahi kushinda hata kwa bahati mbaya. Alitaka darasa zima la nne wanyweshwe matone, na wazazi walikwisha kulipa nusu. Jumatatu jioni watoto wakapimwa, namba zikaandikwa kwenye daftari kubwa la shule.

"Ijumaa utawapima tena," Mwenye Shule akasema. "Hapa hapa uwanjani, saa hii hii, mbele ya wazazi wote. Ndipo umaliziwe."

"Asubuhi ndiyo homoni huonekana vizuri, bosi."

"Asubuhi nina mikutano. Jioni."

Usiniulize Bwana Kitabu alitokwa na jasho kiasi gani. Jumatano alikuwa kwa Mama Punje, eti kuongeza mfuko wa nne kwenye koti. Mama Punje akamtazama mara moja tu, akajua.

"Daktari, tuache mizunguko," akasema kwa sauti ya chini. "Mtu wa asubuhi na mtu wa jioni hawalingani. Fundi yeyote analijua hilo. Mimi sikulaumu, kila mtu na ujanja wake. Shida yako ni nini?"

Bwana Kitabu akacheka hadi kitabu kikamdondoka. "Kumbe mwenzangu! Dada, na mimi nilikuona mama wa watu!"

Akamwaga yote. Mama Punje alimsikiliza huku anapiga pasi.

"Unachotaka ni futi," akasema. "Nikiikata katikati, nikaondoa sentimita tatu, nikaishona mshono usioonekana, kila mtoto atasomeka ameongezeka tatu. Asubuhi, jioni, hata akiwa amechuchumaa."

"Dada yangu! Unataka nini?"

"Bati langu lirudi kama lilivyokuwa. Na jingine kama hilo juu yake. Kabla ya futi."

Alilalamika, akaapa, akashika kifua, akalipa. Alhamisi futi ikawa tayari. Aliijaribu kwa Punje, na Punje akarefuka sentimita tatu hapo hapo, bila tone wala usingizi. Bwana Kitabu akambusu mtoto utosini. Mama Punje akaiviringa futi kwenye vidole viwili kama mafundi wafanyavyo, akaitia mfuko wa aproni kutafuta uzi wa kufungia, akatoa futi iliyoviringwa, akaifunga kwenye karatasi, akampa. Mtu aliyekula kwa kubadilisha chupa siku zote hizo hakuona kitu.

Ijumaa saa kumi na moja uwanja ulijaa. Bwana Kitabu, koti linang'aa, alihubiri dakika kumi kuhusu tezi, usingizi na mustakabali wa taifa. Kisha akamsimamisha mtoto wa kwanza ukutani. Mwenye Shule mwenyewe alishika daftari.

"Jumatatu alikuwa mia thelathini na moja," akasoma. "Leo?"

Bwana Kitabu akatazama futi. Akaitazama tena.

"Mia... ishirini na nane."

Mtoto wa pili, mia ishirini na saba, sasa mia ishirini na nne. Wa tatu alikuwa mtoto wa Mwenye Shule mwenyewe, naye alikuwa amepungua sawasawa na wenzake, kwa haki.

"Mwanangu amesinyaa!" mama mmoja akapiga yowe. "Jamani, atakwisha!"

"Daktari," Mwenye Shule akauliza polepole, "dawa yako inakuza au inapunguza?"

"Wazazi wangu, tulieni! Mwili hurudi nyuma kidogo kabla ya kuruka. Ni sayansi!"

"Basi ruka wewe tuone," bibi mmoja akamwambia, tayari amemshika ukosi.

Akaruka kweli. Aliruka benchi, akaruka ua, akaacha mkoba wenye malipo ya wazazi, kitabu kinene na koti lote mikononi mwa yule bibi. Mara ya mwisho alionekana akikata kona kwa fulana, na mbio hizo timu ya kikapu ingezihitaji.

Wazazi walikuwa wanawapapasa watoto vichwa kwa hofu. Mama Punje alitoka nyuma ya umati na futi yake ya kazini; zile sentimita tatu alizozikata kwenye futi ya kwanza alikuwa amezishona kwenye ya pili, ndiyo aliyompa Bwana Kitabu.

"Watoto wenu wazima," akasema. "Njooni niwapime mmoja mmoja. Halafu nendeni mkawalaze mapema. Hilo ndilo neno la kweli pekee aliloliiba yule bwana."

Jumatatu Punje alitolewa damu, akakunja uso, hakulia. Wiki iliyofuata daktari, wa kweli huyu, mwenye koti lililofubaa, akaeleza kwamba tezi ya shingoni ilikuwa inategea kazi. Kidonge kimoja kidogo kila asubuhi. Wamewahi, akasema, na Mama Punje akamwomba arudie neno hilo.

Lile koti jeupe yule bibi alimpelekea Mama Punje alifanyie alitakalo. Alilikata, akamshonea Punje shati la shule, na kwenye mikono akaweka upindo wa vidole vinne kwa mazoea, bila kuthubutu kuutumainia.

Mwezi wa saba tangu aanze vidonge, Punje alirudi kutoka shuleni amenuna, akatupa mkoba juu ya vitambaa.

"Mama, wananicheka. Shati limepanda mikono, na sketi inaonyesha magoti."

Mama Punje akaacha cherehani. Akapiga magoti mbele ya binti yake, akaushika ule upindo wa sketi wa miaka karibu mitatu, akaomba wembe. Alipoupata, akautafuta uzi mara mbili, machozi yakimziba macho.

"Nipe nifumue mimi," akasema Punje.