Kwaya Iliyovaa Basi Langu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kazi imeanza! Jumapili kundi letu la gemu la kuendesha mabasi linachagua mchoro bora wa basi. Basi la mshindi litaendeshwa kwenye simu za Kyela nzima. Mashindano yote yaliyopita kashinda Edwin, jirani yangu. Akishinda tena nahama Ipyana.

Mchoro wangu ni moto. Kahawia nimeipiga picha kwenye kakao ya baba iliyoanikwa, kijani ni mpunga wa Ngonga, urembo mweupe ni wa chungu cha bibi. Basi zima nimelitandaza kwenye picha moja kama ngozi ya mbuzi: ubavu huku, ubavu kule, taa, milango, namba. Basi la kwenye gemu litaivaa picha hiyo.

Jumanne, 4 Machi
Edwin kaja eti kusalimia. Macho yote kwenye kompyuta. Mwizi! Alipoondoka nikahamishia kila kitu kwenye flashi, folda nikaiita FULANA ZA KWAYA. Mama ni katibu wa kwaya, aliniomba nimchoree hizo fulana, sijagusa. Edwin na kwaya wapi na wapi! Akili ninayo jamani.

Alhamisi, 6 Machi
Flashi haipo! Nimegeuza nyumba juu chini. Mama karudi mjini anatabasamu. Kasema ndaga fijo, asante sana mwanangu, kumbe fulana ulishazimaliza, ukaninyamazia! Flashi kaipeleka kwa Jubilate wa steshenari, anayechapa fulana.

Nikakimbia. Jubilate kasema fulana tayari. Na flashi? Kaifuta yote, ilikuwa na virusi. Nilijikaza nisilie. Nikalia.

Jumapili, 9 Machi
Kwaya imesimama kanisani. Taa za basi vifuani, namba ya gari mgongoni! Nikainama chini ya benchi. Mchungaji akasema ujumbe ameuelewa: safari ya mbinguni, tupande wote. Vigelegele! Mama machozi ya furaha.

Edwin akazipiga picha fulana mbele na nyuma, akaenda kuvalisha basi lake. Kashinda! Kundini kamshukuru mama yangu. Mama kasema kijana yule ana adabu, nimuige.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelijua kosa langu. Kuficha kulikuwa sahihi, ila kwaya ina watu wengi mno. Nimeanza basi jipya, kali kuliko lile. Liko kwenye flashi ya dada yangu Nancy, anayejiandaa kuolewa, folda KADI ZA HARUSI. Nancy kaichukua sasa hivi, ana haraka ya kwenda mjini. Nimempa kwa moyo mweupe. Edwin akija leo atakuta kompyuta tupu!